Kisanduku cha Kaskazini

Wanafunzi wa usanifu majengo walimwita Mama Feni, na hakuwa na ubavu wa kulikataa jina, maana alifundisha huku akijipepea kwa daftari la mahudhurio hata siku ya mvua. Walidhani ni umri. Hawakujua kwamba miaka tisa nyuma alikaa siku kumi na moja katika wodi ya watoto njiti, akimpepea bintiye kwa kipande cha boksi huku bati likiwaka juu yao. Binti alitoka salama, na siku hizi ana mdomo kuliko bibi yake. Lakini kitanda cha tatu, asubuhi ya siku ya tano, kilikutwa kitupu. Hakuna aliyesema ni joto, na hakuna aliyesema si joto.

Ndiyo maana hospitali ile ilipotaka kujenga wodi mpya, alijitolea. Kazi yenyewe ndiyo somo lake chuoni: unalichora jengo ndani ya programu ya kompyuta, unalimulika kwa jua la mwaka mzima, kisha unasoma kila chumba kitapata joto kiasi gani kabla tofali la kwanza halijawekwa. Programu ilimjibu nyuzi ishirini na saba saa kumi alasiri. Fundi mkuu wa ujenzi, mume wa dada yake, aliitazama ramani akakuna kichwa.

"Shemeji, jua la jioni halitaingia humu kweli?"

Akamwonyesha namba. Shemeji akacheka. "Haya, msomi. Lakini hiyo kompyuta yako imewahi kutoka jasho?" Tangu hapo utani wao ukawa huo huo, kila wakionana.

Siku kosa lilipofichuka alikuwa akifundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu, na mfano uliomulikwa ukutani ulikuwa wodi yake. Mtu hujivunia chake. Binti mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye muhula mzima hakuwahi kutia neno, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwetu ni ng'ambo ya lango la hospitali hiyo. Jioni jua linazama nyuma ya jengo, kule kwenye madirisha ya watoto. Hapa mbona linazama upande wa kufulia nguo?"

Mama Feni aligeuka ukutani. Programu haijui kaskazini ni wapi. Usipoiambia, inachukulia ni upande wa juu wa karatasi. Na yeye aliugeuza mchoro ili lango likae chini, upendeze machoni pa madaktari. Akafungua kile kisanduku kidogo cha kujazia pembe ya kaskazini anachowafokea watu kila mwaka, ambacho juzi tu alimnyima mtu alama zote kwa kukisahau. Hakikuwa kimejazwa. Mganga hajigangi.

Akaandika pembe iliyo sahihi. Programu ikakokotoa taratibu, kama inayomkomoa. Nyuzi thelathini na sita.

"Ni zoezi tu," akausikia mdomo wake ukisema. "Umeona vizuri. Endeleeni."

Akatoka, akaegemea ukuta wa korido. Aliogopa kupoteza kazi, maana mkataba ulikuwa unaisha mwezi ujao na mkuu wa idara hakuwa akimpenda. Aliogopa kuchekwa. Ila kilichomtoa jasho la baridi ni kujua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Darasa limeshaambiwa ni zoezi. Mtoto wa kilo moja hana pa kushtaki. Atakuja mama mwingine na kipande chake cha boksi, na asubuhi moja kitanda kitakutwa kitupu.

Akapiga simu. Nyundo zililia nyuma ya sauti ya fundi.

"Shemeji! Vipi, kompyuta imetoka jasho?"

"Imetoka. Simamisha kazi."

Fundi akacheka, kisha akasikia jinsi shemejiye anavyohema, akaacha. "Kuta zimefika juu. Fremu za madirisha zimeshakaa. Kesho tunapandisha paa. Nikamwambie nini daktari mkuu?"

"Mwambie mwalimu amekosea. Usimsingizie kompyuta."

"Watakutafuna, shemeji."

"Najua."

Alirudi darasani. "Nimewadanganya," akasema. "Si zoezi. Hii wodi inajengwa, na nimeikosea mimi." Watu arobaini wakaacha kubofya. Hajaongeza neno, simu ikatetemeka juu ya meza. Daktari mkuu. Akaiacha ilie, ikalia tena, akapokea.

Daktari hakusalimia. "Mara ya kwanza uliniapia kwamba una uhakika. Leo nikuamini kwa lipi?"

Mama Feni alitazama namba ukutani, akaona hazitamfaa. Akapita katikati ya meza hadi kiti cha nyuma, akamkabidhi binti simu.

"Mwambie daktari," akasema. "Mwambie tu kwenu jua linazama wapi."