Viatu Nilivyovificha Nyuma ya Goli

Laiti ningekataa kuvua viatu siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na hakuna aliyenishika kwa nguvu. Niliulizwa, nikakubali, nikainama nikafungua kamba kwa mikono yangu mwenyewe.

Kilichonirudisha huko ni harufu ya gundi. Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu Zuhura hadi kiwanja cha huku kwetu Malvern, Johannesburg, ambako vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo huwafundisha watoto mpira bila malipo. Walifungua sanduku la viatu vipya, na upepo ukaniletea ile harufu ya gundi na ngozi. Nikakaa ukingoni mwa barabara.

"Eish, Babu, umechoka tena?"

"Nimechoka, mama. Nenda kacheze."

Nilikuwa nimechoka kweli, ila si kwa kutembea.

Baba yangu, Fundi Hamisi, alikuwa mshona viatu Ngamiani, Tanga. Kila mwaka, siku chache kabla ya Idd, alikuwa akitandika chini kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji na kunisimamisha juu yake. "Simama sawa, usikunje vidole kama kuku," alikuwa akisema, kisha anachomoa penseli sikioni na kuizungusha kando ya mguu wangu. Penseli ilinitekenya, nikacheka, naye akanigonga kifundo cha mguu kwa kidole. Karatasi hizo alizitundika kwenye msumari mmoja, ya mwaka huu juu ya ile ya mwaka jana, hivyo ukuta ule ulijua miguu yangu ilivyokua. Asubuhi ya Idd nilitoka na viatu vinavyonukia gundi na nta, nikipita kusudi penye watu. Baba alipenda hivyo. "Mguu wa mtoto ndio kibao cha fundi," alizoea kusema. Kibao kingine cha kutangaza kazi yake hakuwa nacho.

Mwaka ule alikuja Bwana Pita, kijana wa Kizungu mwenye masikio mekundu kwa jua, kujitolea kutufundisha mpira watoto wa mitaa ya kimaskini. Sina neno baya juu yake. Alichora mistari ya kiwanja kwa majivu, alikula ugali wetu kwa mkono na kuuangusha nusu, na tulipofungwa alihuzunika kutuzidi sisi. Aliamini tulichokosa ni njumu, viatu vya mpira. Angepiga picha, aipeleke kwao, na njumu zingekuja.

Tulipangwa mbele ya goli. Wenzangu kumi walikuwa peku. Mimi nilivaa viatu vyangu vya Idd. Bwana Pita alichungulia kwenye kamera, akaniangalia, akamnong'oneza Mwalimu Salehe, aliyekuwa mkalimani wake.

"Omari," mwalimu akasema, "viatu vyako vinaharibu picha. Unaweza kuvivua? Si lazima. Ukitaka, simama pembeni."

Kusimama pembeni! Wenzangu wakaanza: "Vua bwana, mtoto wa fundi! Unatuchelewesha!" Nikavivua, nikavificha nyuma ya goli, kwenye majani. Kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, nikawekwa mbele kabisa. Sijawahi kumwambia mtu hili: vumbi lililoonekana miguuni nilijipaka mwenyewe. Hakuna aliyeniagiza. Na uso nikaukunja kama wa yatima.

Njumu zilikuja baada ya miezi, pamoja na kalenda yenye picha yetu. Mwalimu, kwa furaha, aliitundika kwenye kijiwe cha kahawa cha Mzee Shomari, pale pale baba alipokuwa akinywa kila alasiri.

"Fundi Hamisi!" Mzee Shomari aliita. "Ulaya nzima wanamchangia mwanao viatu, na wewe umekalia ngozi!"

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Mganga hajigangi."

Kijiwe kizima kilicheka, na baba akacheka nao, akamaliza kikombe chake. Nilikuwa nimesimama karibu. Nikajiambia, maadamu amecheka, yamekwisha. Lakini tangu siku hiyo akaitwa Fundi Peku, na jina lile lilimfuata hadi msikitini.

Njumu zilikuwa kubwa mno. Bwana Pita, asiyejua lolote, alituambia tuzipeleke kwa fundi azipunguze. Baba hakukataa. Aliwapima wenzangu kumi mmoja baada ya mwingine, akawatania, akawaambia wasikunje vidole. Mimi nilikuwa wa mwisho. Niliweka mguu juu ya karatasi, nikabana kicheko, nikisubiri penseli.

Haikuja.

"Walikuvua," aliuliza, "au ulivua?"

"Nilivua, Baba."

Aliusogeza mguu wangu kwa mgongo wa mkono, polepole, kama mtu anavyomsogeza paka.

"Njumu hizi ameletewa mtoto asiye na viatu," akasema. "Mtafute, umpe."

Idd iliyofuata aliniletea viatu vya dukani, vya plastiki, vilivyonipwaya kidogo. Hakunigombeza hata mara moja. Nilidhani ni hasira, na hasira hupoa. Nilipomaliza sekondari nikamwomba anifundishe kazi, lakini wakati huo alikuwa ameshamfundisha mtoto wa jirani. Alinijibu kwa upole kwamba kiti ni kimoja.

Ilinichukua miaka mingi ya kusimama getini huku Johannesburg, nikilinda maduka ya watu, kuelewa kuwa haikuwa hasira. Baba aliamini mwanawe aliionea haya kazi ya mikono yake mbele ya wageni. Ningeweza kumwambia sivyo, kwamba nilitaka tu kuwemo kwenye picha. Sikumwambia. Kila mwaka niliona aibu zaidi kuanza, kisha nikapigiwa simu kuwa amezikwa. Aliyesafisha nyumba aliniambia karatasi za miguu zilikuwa bado kwenye msumari. Ya juu kabisa ni ya miaka kumi na moja.

Ile picha ilipigwa kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Ilinikosesha ufundi ambao ungekuwa wangu, na ilinikosesha baba. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile ya njumu, nyumba moja nami hadi niliposafiri, na hakuugusa tena mguu wangu.