Dizeli ya Kupoza Sumaku

Tangu arudi Juba kutoka uhamishoni Arua, Uganda, kazi ya fundi Tisa ilikuwa kusikiliza. Katika hospitali moja ya mtaa wa Hai Amarat alitunza mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa. Sumaku yake huzama kwenye heliamu, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, na pampu ya kuipoza hulia chap, chap, usiku na mchana. Pampu ikinyamaza, heliamu huchemka ikapotelea angani, na nyingine ni ya kuagizwa ng'ambo, ije kwa ndege.

Basi Julai ile ya 2016 mapigano yakazuka, ndege zikasimama. Heliamu ilikuwa imeshapungua vibaya, na dizeli ya jenereta inayoendesha pampu imebaki kidogo tu.  Risasi zikilia upande wa Bilpam, kwenye kambi ya jeshi, Tisa anashtuka, halafu anatega sikio tena kwenye pampu.

Asubuhi mkewe, Keji, akaingia na mtoto mgongoni.

"Baba Gune, lori ya Lomoro inaenda Nimule, mpakani, sasa. Nafasi iko, dizeli hakuna."

"Hii ni ya mashine."

"Najua."

"Ikizima, sumaku imekufa. Nani ataleta heliamu ingine na hii vita?"

"Na Gune mwingine, nani ataniletea?"

Mwanamke yule hata sauti hakupaza. Tisa aliogopa, tena aliogopa sana, maana alijua hesabu zote mbili na hakuna iliyokuwa na nafuu. Akazima jenereta. Akafyonza kwa mpira hata ile iliyobaki kwenye tangi, akatema, akabeba dumu. Nyuma yake chumba kilikuwa kimya, kimya cha kuudhi.

Kwenye lori Keji alijisogeza akampa nafasi. Mbele yao aliketi Mama Victoria, muuza samaki, ambaye kichwa kilimsumbua hata jicho moja likaanza kuingia giza. Wiki ileile ndiyo alikuwa apigwe picha. Alipomwona Tisa, uso ukamfunguka.

"Mwanangu, afadhali umekuja. Ungekufa wewe, nani angenipiga picha tukirudi? Mashine iko salama?"

Tisa akamtazama Gune, aliyekuwa amelala mdomo wazi.

"Iko salama, mama," akasema, na Lomoro akawasha lori.