Kifaranga Aliyetemewa Mate

Kuna sauti moja ya kifaranga ambayo hadi leo hunifanya niache ninachokifanya. Si ile ya njaa, wala ya kumwona mwewe. Ni ya kifaranga aliye peke yake: anaita kidogo, ananyamaza, kama anayesubiri kujibiwa na kitu kisicho kuku. Juzi niliisikia uani kwangu hapa Ngokolo, mkono wangu ukiwa ndani ya ndoo ya pumba. Nikawahesabu kuku. Walikuwa kamili. Nikawahesabu tena, maana mara ya kwanza huwa najipendelea.

Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Segese. Mama alishika bustani, mimi nikashika kuku, na mpaka wetu ulikuwa ua wa miiba ambao kuku hawakuutambua. Ilikuwa mwezi wa sita, mvua imeshatuaga, upepo wa asubuhi unakata masikio. Mchicha ulikuwa umetoa mbegu, matembele yamekonda, na maboga ya mwisho yalilala juu ya majani makavu kama vichwa vya watu waliofukiwa hadi shingoni. Sikupenda kuyapa mgongo.

Mjomba Masanja, mdogo wake mama, alikuja Jumamosi mchana kutafuta kifaranga. Alikuwa mchimbaji, na Jumatatu angeshuka shimo jipya na wenzake wawili. Kwetu, mwenye jambo zito kama hilo humtemea kifaranga mate mdomoni, akamnong'oneza shida yake, kisha akampeleka kwa mfumu. Huyo ndiye humpasua na kusoma ndani yake kama njia ni nyeupe au nyeusi.

"Ninao tisa, mjomba, na wote wana kazi," nilimwambia.

"Kazi gani, Kabula?"

"Kukua."

Tulivutana mpaka tukafika kwenye daftari moja, kalamu mbili na biskuti. Biskuti nilishazila ndipo akachagua, na kati ya wote akamnyanyua wangu: wa rangi ya majivu, mwenye kucha moja nyeupe, aliyezoea kusinzia kiganjani mwangu. Mjomba akamfungua mdomo, akamtemea mate, akamnong'oneza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kifaranga hakupapatika. Alimtazama tu.

Kisha akamfunika kwa tenga, akaenda kuoga. Nami nikafanya biashara mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimtoa mwenye kucha nyeupe, nikamweka ndugu yake wa rangi ileile. Mjomba akamtia mfukoni akaondoka.

Alirudi jua likiwa bado juu. "Njia nyeupe," alisema. Mama alipiga vigelegele, akasonga ugali. Mjomba alinawa mikono, akaketi, akasimama, akanawa tena. Hakula.

Jumapili ndipo nilipoanza kuogopa. Wa kucha nyeupe hakudonoa kitu. Alisimama katikati ya maboga, ameelekea upande ule zinakotoka ngurumo za karasha za kusaga mawe, anaita kidogo, ananyamaza. Nilimrudisha kwa mama yake. Tetea akamdonoa kichwani na kumfukuza kama mgeni. Mchana mwewe alishuka. Wenzake walikimbilia chini ya mbawa, yeye akabaki palepale. Mwewe alikuja moja kwa moja juu yake, kivuli kikamfunika, kisha akapinda ghafla na kupanda juu, kucha tupu. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona mwewe akighairi.

Nikajua mate ya mjomba yako ndani ya yule, na habari yake pia, na hakuna aliyeisoma. Nikisema, kifaranga wangu anapasuliwa. Nisiposema, mjomba anashuka kwa njia ya mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi wenzake walikuja na pikipiki, wakapiga honi.

"Masanja! Tunaenda shimoni au unaozeshwa?"

Alikuwa anafunga viatu. Nikamshika shati.

"Shikamoo mjomba. Yule siye."

"Marahaba. Siye nani?"

"Uliyempeleka. Nilimbadilisha. Wako ni yule pale."

"Mayu wane!" Mama akaangusha jembe. "Mtoto huyu kamuua ndugu yangu!"

Mjomba alitembea hadi kwenye maboga, akachuchumaa. Kifaranga, aliyekuwa ametupa mgongo tangu jana, akageuka na kumtazama. Walikaa hivyo. Sikusikia hata karasha.

"Una hakika?"

"Nimehesabu mara mbili."

"Basi mpeleke huyo sasa hivi!" aliita mwenzake mwenye kofia ya sufi. "Tunakusubiri, kwani kupasua kifaranga ni upasuaji wa moyo?"

Mama naye akasema hivyohivyo: ampeleke huyo, mfumu hajaenda popote. Nikaanza kulia. Mjomba alimchukua kifaranga, akamweka kiganjani, akamtazama kucha nyeupe. Kisha akamrudisha chini taratibu.

"Huyu hasomwi," alisema. "Nendeni."

Walimcheka hadi pikipiki ikapotea. Najua mnasubiri shimo liporomoke. Halikuporomoka. Walitoka wazima, na walipata mawe mazuri, na kwa miaka mingi Segese nzima ilisema Masanja alinyimwa utajiri na mtoto wa dada yake. Mjomba alilima maboga, akasikiliza, hakukanusha. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi nilidhani ni ukarimu.

Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, ndipo ninapouelewa ule unong'ono mrefu, na ugali ule usioliwa. Alikuwa ametafuta neno la kumkataza, akapewa njia nyeupe. Kwetu mwanamume hawezi kuwaambia wenzake kwamba anaogopa shimo. Anaweza kusema kifaranga wake hajasomwa. Na alipopewa nafasi ya kumsoma, aliogopa asije akakuta nyeupe tena.

Alinifuta machozi asubuhi ile, akaniambia nisitetemeke. Sikuwa natetemeka. Ulikuwa ni mkono wake.