Siku Niliyosema Kaka Hajafika

Gundi ya unga wa ngano ina harufu yake, chachu kidogo na tamu kidogo, na ikipakwa kwenye karatasi za mifuko ya saruji zilizolowa, harufu hiyo inashika nyumba nzima kwa siku nyingi. Kwetu Matogoro, Noeli ilianza na harufu hiyo. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu, kanisa dogo lisilo na padre wake, na kila mwaka, wiki ya kwanza ya Majilio, majuma manne kabla ya Noeli, alikuwa akiomba mifuko mitupu kwa mafundi ujenzi wa mjini, akaifinyangafinyanga, akaipaka masizi, majivu na chokaa mpaka ikafanana kabisa na mawe ya mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yetu. Pango la kuzaliwa Yesu alilijengea sebuleni, libebwe kanisani siku ya mkesha, kwa sababu paa la kanisa lilikuwa linavuja na gundi isingekauka humo, na mvua za Desemba za kwetu zikianza hazina subira. Mama alikuwa akizunguka pembeni ya hilo pango na sufuria zake bila kulalamika. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kukoroga gundi isifanye mabonge. Baba alikuwa akifinyanga sanamu kwa udongo wa mtoni, wachungaji, ng'ombe, Maria na Yosefu, na huku vidole vyake vikifanya kazi alikuwa akinifundisha. Alisema Mungu angeweza kutuma barua, au radi, au malaika mwingine, lakini aliamua kuja na mwili. Mwili unaosikia baridi, Tekla. Mwili unaochafuka na kuhitaji mtu wa kuuogesha. Anayeuchukia mwili wa mwenzake, alisema, huyo Noeli haijamfikia hata akila nyama mwezi mzima. Niliamini kila neno. Sikuwahi kumsikia mtu mwingine akilieleza jambo hilo vizuri kama yeye, wala mapadre.

Mwaka ninaousimulia, pango lilikuwa limefika nusu wakati kaka yangu Osmundi aliporudi. Alikuwa ameondoka nyumbani nikiwa bado sijaanza shule, akawa anafanya kazi kwenye malori kati ya Makambako na Mbeya, na picha niliyokuwa nayo kichwani ni ya kijana aliyenibeba mabegani kwenda kuchuma masuku porini. Aliyeshuka njia panda alasiri ile, akatembea polepole katika manyunyu akiwa na begi dogo, alikuwa mtu ambaye suruali yake ilikazwa kwa kamba. Mama alimtambua kwa namna alivyokuwa anatembea. Hakupiga kelele wala hakulia. Alimpokea begi, akamshika mkono, akamwingiza ndani, akachemsha maji. Baba alitoka sebuleni na udongo ukiwa bado vidoleni, akasimama mlangoni akamtazama. Kaka akasema, "Shikamoo baba." Baba akajibu marahaba. Kisha akarudi kwenye sanamu zake, na jioni ile hakunifundisha lolote.

Wakati huo dawa zilikuwa bado hazijafika kwetu. Ugonjwa wenyewe watu hawakuutaja jina, walikuwa wakisema tu fulani amerudi, na kila mtu alielewa amerudi kufanya nini. Siku tatu za kwanza kaka alilala chumbani kwangu, nami nikalala kwa mama. Alikuwa anakohoa sana, na vidonda vya mdomoni vilimfanya ameze uji kwa kufumba macho. Siku ya nne ilikuwa zamu ya jumuiya yetu ya majirani kusali nyumbani kwetu. Asubuhi yake baba alimwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba watu watakuja kuona pango na si vizuri wasikie kikohozi. Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo nje, hatua chache kutoka mlango wa nyuma, lenye joto na moshi. Mama alitazama upande wa jiko. Akasema, "Kule ni kukavu lakini, mwanangu atapata joto," kama vile wazo lilikuwa lake. Wakahamisha godoro. Nilibeba mto. Kaka alitembea mwenyewe huku ameshikilia ukuta, na alipofika alitushukuru.

Nilikuwa nampelekea chakula, lakini nilikuwa nakiweka karibu na mlango na kurudi nyuma. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Siku moja aliniomba nimkune mgongoni mahali ambapo mkono wake haukufika, nikasema mama ananiita. Mama hakuwa ananiita. Alikuwa shambani akipanda mahindi kwenye mvua, ili awahi kurudi amwogeshe. Mama ndiye peke yake aliyemgusa kaka mwezi ule wote, naye alifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa. Alituambia, mimi na baba, kwamba tukiulizwa tukae kimya tu, kukaa kimya si dhambi. Pango lilikamilika. Lilikuwa zuri kuliko miaka yote. Jioni ya mkesha wanaume wanne walilibeba kwenda kanisani wamelifunika turubai, na baba alitembea mbele yao akiwaonyesha mahali pa kukanyaga.

Siku ya Noeli mvua ilikatika. Baada ya misa watu walikuja nyumbani, kama ilivyokuwa desturi kula kwa katekista, wakakaa uani kwenye mikeka na viti vya kuazima. Mama alikuwa akiingia na kutoka jikoni akifungua mlango nusu tu. Miongoni mwa wageni alikuwemo Mama Batazari, mwalimu aliyemfundisha kaka kusoma, mwanamke mnene mwenye sauti nzito ambayo sisi wanafunzi tuliiogopa. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa ndani ya khanga. Hakukaa. Alikuja moja kwa moja mahali nilipokuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa, na hapo nilikuwa nimeuegemea ukuta wa jiko.

"Shikamoo mwalimu," nikasema.

"Marahaba, Tekla. Nasikia kaka yako amerudi. Yuko wapi nimsalimie?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa karibu, na sahani yake magotini. Aliacha kutafuna, akanitazama. Ni hilo tu alilofanya. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Ningeweza kukaa kimya kama mama alivyosema. Ningeweza kumwonyesha mlango kwa kidole.

"Hajafika," nikasema. "Labda mwaka mpya."

Mama Batazari alinitazama kidogo. "Basi akifika mwambie nilikuja," akasema. "Mwambie namtafuta." Akanipa kile kifurushi. Kilikuwa sweta la sufu, la rangi ya kahawia, alilolifuma mwenyewe. Baba akaendelea kula.

Jioni, wageni walipoisha, nilimpelekea kaka wali na mchuzi usio na pilipili. Nilikuwa nimejiambia kwamba alikuwa amelala, kwamba kuta za udongo ni nene. Alikuwa ameketi, ameegemea palepale ambapo mimi kwa upande wa nje nilikuwa nimeegemea. Nilimpa sweta bila kusema limetoka wapi, naye hakuuliza. Alilishika tu.

"Sauti yake haijabadilika," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Nilitaka nimsalimie tu, Tekla. Nisingemshika."

Nilisubiri anigombeze, na mpaka leo natamani angenigombeza. Alikula vijiko viwili vitatu, akasema chakula ni kitamu, nimwambie mama. Alifariki siku nne baadaye, mchana, mama akiwa amempakata na mimi nikiwa nachuma mboga. Pango lilikuwa bado liko kanisani, kwa kuwa sikukuu ya Tokeo la Bwana, mwanzoni mwa Januari, ilikuwa haijafika, na jeneza la kaka liliwekwa mita mbili kutoka pale. Baba aliongoza sala bila kukosea. Makaburini Mama Batazari alinikuta nimesimama peke yangu. Nilidhani ataniuliza, lakini alisema neno moja tu, taratibu, kama mtu anayejisomea mwenyewe. "Kumbe alikuwepo." Kisha akaenda kumshika mama.

Mwaka uliofuata baba alijenga pango tena, na mwaka uliofuata tena, na mimi nilikoroga gundi. Alifundisha yaleyale kuhusu mwili, na watu walilia wakimsikiliza. Sijui alikuwa anajisikiaje. Nilimuuguza yeye pia, miaka mingi baadaye, nikamwogesha, na siku moja nikiwa namkausha miguu alisema bila mimi kumuuliza chochote, "Mimi sikukuambia useme vile." Nikamjibu, "Ni kweli, baba, hukuniambia." Nilikuwa nimesubiri maneno yake miaka yote ile, na yalipokuja yaliniacha peke yangu na jambo lenyewe.

Sasa nakaa Msamala, nina mume na watoto, na Noeli imekuwa kubwa. Taa zinawaka madukani tangu Novemba, watoto wanataka nguo mpya na spika ya muziki, na pango la parokiani linanunuliwa tayari, la plastiki, lenye maji yanayotiririka kwa umeme. Ingekuwa rahisi kusema kwamba watu wa sasa wameisahau maana yake. Wazee wengi husema hivyo. Lakini mimi nilikulia katika nyumba ambayo maana yake ilijulikana kuliko nyumba yoyote ya Songea, na najua kulikuwa na nini nyuma ya ukuta. Ugonjwa ule sasa una dawa, watu wanaishi nao, wanalea wajukuu. Kaka angekuwa babu.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Desemba, wifi yangu Mektilda alinipigia simu kutoka Madaba. Alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu, akataka akae kwangu mwezi mmoja ili awe karibu na hospitali. Daktari alikuwa amemwambia baada ya wiki mbili za dawa hataambukiza mtu. Wiki mbili zilikuwa zimeshapita, aliniambia hilo mara mbili. Nilimsikiliza nikiwa nakunja mapazia mapya. Nikafikiria wageni, watoto, wakwe waliokuwa wanakuja. Sikuwa tena na miaka kumi na hakuna baba aliyekuwa ananitazama.

"Njoo baada ya sikukuu, wifi," nikasema. "Wakati huu nyumba imejaa."

"Sawa, wifi," akasema. "Sikukuu njema."

Siku ya Noeli tulikuwa watu wanane mezani, na jioni wageni wakarudi kwao. Kitanda cha chumba cha wageni nilikuwa nimekitandika shuka jipya, na sikukuu zote hakuna aliyekilalia.