Siku Kogo Wako Alipopanda Gari Langu la Dizeli

Tangu uliponipigia simu Jumapili kuniuliza kama ununue lile gari la dizeli, Cherono mwanangu, kuna siku moja ya zamani ambayo haitoki kichwani mwangu. Nilikujibu haraka kwamba ni gari zuri, kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni na mama yako alikuwa ananikonyeza nipunguze sauti. Hukustahili jibu la namna ile. Leo nimekaa peke yangu, mvua inanyesha kwenye majani chai kama kawaida yake, na nina nafasi ya kukueleza vizuri. Siku hiyo hata wewe ulikuwepo, ila ulikuwa bado tumboni mwa mama yako.

Nilikuwa nimeoa karibuni, na nilikuwa nimenunua stesheni wagoni ya dizeli kutoka kwa karani mmoja wa shamba kubwa la chai aliyekuwa anastaafu. Gari lilikuwa jeupe, refu, lenye safu tatu za viti, na kile kiti cha mwisho kabisa kilitazama nyuma, aliyekikalia akawa anaangalia barabara tunayoiacha. Kelele zake sikwambii. Nilipokuwa bado ng'ambo ya bonde, mama yako alishanisikia na kuweka chai motoni.

Na kwa kuwa umeniuliza kuhusu dizeli, nikueleze tabia zake kwanza. Gari la dizeli la zamani halitaki pupa. Kwa baridi hii ya kwetu Roret, asubuhi unazungusha ufunguo nusu, unangoja ile taa ya hita, inayopasha injini joto, izimike, ndipo uwashe. Ukilazimisha, litakohoa, litajaza boma moshi mweupe, na betri itakwisha ukiwa hapo hapo. Mara kwa mara unalegeza kile kikombe kilicho chini ya filta umwage maji yaliyoingia kwenye mafuta. Mambo ni hayo tu. Likishawaka, linakwenda mpaka wewe uchoke. Langu lilibeba magunia ya majani chai hadi kituo cha kuuzia, mitungi ya maziwa, nyasi za ng'ombe, kwaya nzima ya kanisa na ngoma zao, na hata bibi harusi mmoja aliyeingia kanisani akinukia maziwa. Nililipenda kupita kiasi. Mama yako alikuwa akinitania kwamba siku nitakayolisalimia gari kabla yake, atarudi kwao.

Kwao kulikuwa karibu, kilima cha pili tu, na huko ndiko alikoishi kogo wako, nyanya yako mzaa mama. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai, na alifariki kabla sijamjua mama yako. Sasa kogo alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anachuma majani kwa kupapasa, na alikuwa ameungua mkono kwenye jiko la kuni akitafuta sufuria. Hayo yote aliyavumilia. Jambo lililomvunja moyo lilikuwa wewe. Mama yako alipompelekea habari ya mimba, kogo alisema, "Nyinyi mtaniambia mtoto anafanana na nani. Mimi nitashika kichwa tu." Mama yako alirudi nyumbani akilia, na hakula siku hiyo.

Basi tukasikia kwamba daktari wa macho atakuja hospitali ya Longisa kupasua watu wenye tatizo hilo. Hakuwa wa pale. Alikuwa anakuja mara moja moja, na ukimkosa hujui atarudi lini. Kogo akaandikiwa siku yake. Kwa hesabu ya mama yako, akipasuliwa safari hiyo, atakuwa anaona kabla hujazaliwa. Akikosa, wewe utazaliwa na kutambaa yeye akiwa bado gizani.

Gari lilikuwepo, dereva alikuwepo. Tatizo lilikuwa dereva mwenyewe.

Wewe umekua wakati watu wanakumbatiana na wakwe zao hadi kwenye picha za harusi, kwa hiyo hili litakuchekesha. Enzi zile, kwetu, mwanamume na mama mkwe wake walikaa mbali. Hatukupeana mikono, hatukuketi pamoja, na jina langu halikuwahi kupita mdomoni mwake. Nikiingia boma lake, alitoka kwa mlango mwingine. Akiwa na neno la kuniambia, alimwambia mama yako, na mama yako ananigeukia na kuniambia lile lile nililokwisha kulisikia. Haikuwa chuki, mwanangu. Ilikuwa heshima, na mimi niliiheshimu. Lakini nitakuambia ukweli: mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na kuna jioni nilitamani yule mama aniangalie tu aniulize kama nimekula.

Alipoambiwa atapanda gari langu, alikataa. Alisema atatembea. Kutoka Roret hadi Longisa, kipofu! Mama yako alimbembeleza mpaka akapata wazo: kile kiti cha nyuma kabisa. Mama atakaa huko akitazama alikotoka, mimi mbele nikitazama tuendako, na migongo yetu itakuwa imepeana heshima yote inayotakiwa. Kogo alifikiria, akakubali, lakini kwa sharti kwamba mama yako akae katikati.

Tuliondoka asubuhi baridi ikiuma. Nilingoja hita mara mbili, gari likawaka vizuri, tukashuka Litein tukiwa na nafasi ya kutosha. Huko nyuma kogo alikuwa amejifunika leso, mkoba umepakatwa, amenyooka kama yuko kanisani. Kila baada ya muda sauti ilitoka.

"Chebet, ambia huyo mtu anaendesha vizuri."

"Mama anasema unaendesha vizuri," mama yako akasema.

"Ambia mama asante."

"Mama, anasema asante."

Sote watatu tulikuwa tumesikia kila kitu. Mama yako alikuwa anauma midomo asicheke, na mimi nilikuwa nimejaa furaha kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Tulipopita Sotik na kuanza kupanda, kogo akasema tena, "Chebet, hii gari inanuka."

"Mama anasema gari inanuka."

"Ni moshi wa dizeli," nikasema. "Ambia mama ndivyo huwa."

"Hii si moshi. Ni kitu tamu tamu. Ambia huyo mtu asimame."

Nikatazama geji ya joto. Mshale ulikuwa umepanda, lakini si sana, nikajiambia. Nilifikiria daktari. Nilifikiria foleni ya watu waliotoka kila upande wa Bomet. Nikasema tukisimama tutachelewa, tumalize hiki kilima kwanza. Kogo hakubishana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Chebet, mwombe." Alisema mwombe, si mwambie. Hapo mguu wangu ulitoka wenyewe kwenye mafuta, nikaegesha kando ya barabara, penye majani chai ya mtu.

Nilifungua boneti. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye paipu ya chini, pale inapokazwa, na yale maji ya kijani yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya kando. Ndiyo ile harufu tamu. Kama ningemaliza kile kilima, injini ingeungua na safari ingeishia pale. Nilimshukuru Mungu, halafu haraka ikanirudia. Maji yamepungua, nikawaza, niongeze maji twende. Nikachukua kitambaa, nikakikunja mkononi, nikashika kifuniko cha radieta na kuanza kukizungusha. Nilikuwa nimeinama, uso wangu uko juu yake kabisa, nikisikiliza inavyopiga mluzi mdogo.

Sikujua kogo alikuwa ameshuka. Alikuwa amekuja akipapasa ubavu wa gari, kutoka nyuma mpaka mbele, akifuata ule mluzi.

"Mwanangu, acha!"

Akanishika mkono. Alinishika kwa mikono yake miwili, ile iliyokauka kwa kuchuma chai, akauvuta mkono wangu pamoja na mimi mwenyewe mpaka nikakaribia kuanguka mtaroni. Kifuniko kilikuwa bado hakijafunguka.

"Baba ya Chebet alifungua ya trekta hivi hivi," alisema, na alikuwa anasema nami, si na mama yako. "Ilimrukia uso mzima. Nilimuosha mimi, kidogo kidogo, mpaka ngozi ikarudi. Sitaki kukuosha uso. Unasikia? Acha ipoe. Huyo daktari aende akitaka."

Aende akitaka! Daktari aliyekuwa amebeba macho yake, na nafasi yake ya kukuona wewe.

Halafu akatambua ameshika mkono wa nani. Akaniachia, akavuta leso mpaka usoni, akageuka. Mama yako alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono kwenye tumbo. Mimi nilikwenda upande wa pili wa gari, nikajifanya naangalia gurudumu, nikalia. Sikuwa nimeitwa mwanangu tangu mama yangu alipofariki, na sikujua neno hilo lilikuwa linanidai machozi mengi hivyo.

Tulingoja. Kogo alikaa kwenye nyasi upande ule, mimi upande huu, mama yako katikati kama mpaka wa kata. Injini ilikuwa inatoa milio midogo ikipoa. Magari mengine yalipita, na kila moja niliona kama linampeleka mtu kuchukua nafasi ya kogo. Mwenye shamba, mama mmoja mnene mcheshi, alitoka na mtungi wa maji na kututania kwamba tumekuja kuchuma chai yake bila kikapu. Nilipoweza kuweka kiganja juu ya kifuniko bila kuchomeka, nilikifungua taratibu. Nilifunga ile paipu kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikajaza maji, nikangoja taa ya hita ingawa injini ilikuwa ya moto na haikuhitaji. Gari likawaka kama hakuna kilichotokea. Tulikwenda polepole hadi Longisa, na hakuna aliyemwambia mwingine asante kupitia kwa mtu.

Tulifika watu wengi wakiwa wameshahudumiwa. Muuguzi mlangoni alitutazama akatikisa kichwa.

"Mmechelewa sana. Mlikuwa wapi?"

"Gari ilichemka," mama yako akasema, na machozi yameshaanza.

"Basi wacha kulia, mama, utaumiza mtoto. Daktari bado ako. Huyu ndiye atakuwa wa mwisho. Kujeni."

Kesho yake walimfungua bandeji ya jicho la kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, karibu na mlango, kama inavyotakiwa. Alimtazama mama yako kwa muda mrefu, akamshika mashavu, akamshika tumbo. Kisha akainua kichwa akaniona. Nami sikutoka, na yeye hakugeuka.

"Chebet," alisema, "ambia huyo mtu amekonda. Hujui kumpikia?"

Ulipozaliwa, alikuona yeye kabla yangu. Alikubeba hadi dirishani, akakugeuza huku na huku, akatangaza kwamba masikio ni ya upande wetu na mengine yote ni ya kwake. Alikuona ukitambaa, alikuona ukienda shule na soksi zimeteremka, na mpaka anafariki alikuwa akiniambia mambo kupitia kwa mama yako. Hakunishika mkono tena hata siku moja.

Sasa nikujibu swali lako. Linunue, mwanangu. Gari la dizeli lililotunzwa litakubebea watoto wako na mizigo yako miaka mingi. Mwage maji kwenye filta, ungoje hita, na ukiona mshale wa joto unapanda, simama. Radieta ikiwa moto usiiguse, hata kama unayemwahi ni rais.

Lakini hilo hata fundi atakuambia. La kwangu mimi ni hili. Ukiwa umeshika usukani, utajiona wewe ndiye unayejua, na walio nyuma ni mzigo tu. Wasikilize. Mtoto akisema kitu kinanuka, mama mzee akisema simama, usimjibu kabla hujatazama. Kuchelewa tulichelewa, na bado tulipokelewa. Na ile heshima tuliyofundishwa, ya wakwe na ya wazee, ishike, ni nzuri, mimi sijaiacha. Ila ujue iliwekwa ili imlinde mtu. Siku utakapomwona mtu anataka kuumia, mshike mkono kwanza, hata kama hukutakiwa kumshika. Aibu itapita. Kogo wako aliacha heshima yake yote, akaacha na macho yake, ili uso wangu usiungue. Aliniita mwanangu mara moja tu maishani, na mara hiyo moja imenitosha mpaka leo.

Nenda basi, mama. Mungu akalitangulie hilo gari kila linapotoka na alisindikize kila linaporudi. Kiti cha nyuma kisikose mtu wa kukuonya, na masikio yako yasichoke kumsikia. Upate watakaokuita mwanangu hata baada ya sisi kuondoka, na wewe uwe na mikono ya kuwavuta wengine kutoka kwenye moto.

Na ukija Krismasi, ulete hilo gari nilisikie likiwaka.