Radhi kwa Mwandiko Wangu

Watu huniuliza ile kesi ya kazi nilishindwaje. Nawajibu kwamba nilikuwa na adabu.

Nilikuwa mwangalizi wa pampu kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, nje kidogo ya Kahama. Miezi sita ya majaribio ilipoisha, meneja aliniongezea miwili kwa mdomo tu, eti bado ananitazama. Mwezi wa saba umeme ukakatika, pampu ikasimama, matope yakafurika. Akasema nililala. Sikulala. Nilikuwa nahangaika na jenereta lao bovu, na wenzangu wa zamu waliniona. Kesho yake nikapewa barua ya kuachishwa kazi, mistari minne, wala hakuna aliyenisikiliza.

Nilirudi nyumbani Ushetu nimefura kwa hasira, nikamwambia baba naenda kushtaki. Baba ni mkulima wa tumbaku, hajui kusoma, ila kwenye kusuluhisha ugomvi wa watu hajioni mdogo kwa hakimu yeyote. Akakataa. Kwetu humshtaki mtu aliyekulisha kabla hujamwendea kwa radhi, uwe umekosa au hujakosa. Unasema nimekosa, unapeleka kuku, na yeye akishampokea yamekwisha, hana ruhusa ya kukukumbusha tena. Nikamwambia kwa watu wale mambo hayo hayafanyi kazi. Akaniuliza tangu lini nimepata baba mwingine.

Basi, nikachukua kalamu. Alisema neno kwa neno nami nikaandika kwamba nilipitiwa na usingizi, nimekosa, naomba nisamehewe. Nikatia sahihi. Baba akasafiri na barua hiyo mwenyewe, jogoo kwapani. Meneja ni Msukuma mwenzetu, mila hiyo anaijua tangu utotoni. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamwambia mzee aende kwa amani, kijana ataitwa.

Sikuitwa. Nilisubiri wiki mbili, kisha nikafungua shauri kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, Shinyanga. Huko ndiko nilikoiona tena barua yangu, imepigwa mhuri, imekuwa kielelezo cha upande wao. Mwamuzi akauliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna mtu aliyenilazimisha kuandika. Wakili wao alikuwa ameshaanza kutabasamu, nami nikaona aibu kumtaja mzee wangu mbele ya mtu kama yule, aonekane mshamba asiyejua dunia. Nikasema hapana, hakuna. Nikashindwa.

Nilikwenda Mahakama Kuu kuomba marejeo, ndani ya muda. Nilitaka kitu kimoja tu, nirudishwe kazini. Safari hii kwenye hati ya kiapo niliandika yote: mila, jogoo, amri ya baba. Siku ya uamuzi nikaenda na mzee, amevaa koti lake la kanisani. Jaji alisoma taratibu, wala hakuwa mtu mbaya. Alisema huenda niliyoyaeleza ni kweli, lakini nilipaswa kuyasema kule kwenye tume nilipoulizwa, na huku juu haji mtu na ushahidi mpya. Maombi yakatupwa.

Nje meneja alitusogelea, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," baba akaitikia, akamuuliza na hali ya watoto.

Tulipokaa kwenye basi baba akataka nimweleze jaji amesema nini, maana hakuelewa. Nikamweleza kwamba ile barua yake ndiyo iliyoniangusha, tena kwa sauti, abiria wakisikia. Nikamwambia wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao, ila kwetu alichuma yeye nikala mimi peke yangu. Tulikwenda mwendo mrefu, yeye anatazama mikono yake tu.

"Basi andika barua nyingine," akasema hatimaye. "Sema baba yako ni mjinga, ndiye aliyekuponza. Nitaweka dole gumba."

"Hilo halihitaji kuandikwa," nikamwambia.

Akageukia dirishani. Ningeweza kumwambia kwamba kwenye tume niliulizwa mimi, na mimi ndiye niliyenyamaza, yeye hata hakuwepo. Sikumwambia, na mpaka leo hajui. Nilisikia raha, Mungu anisamehe, na raha ile ilinifikisha Kahama.