Meza ya Kimo Chake

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyomwita na yeye akaitika, ni Mama Randa, binti Fundi Mrefu, mjukuu wa Mzee Mipini. Mzee Mipini alichonga mipini ya majembe iliyokaa mikononi mwa watu mpaka majembe yakaisha na mipini ikabaki. Fundi Mrefu alitengeneza madawati ya shule ya msingi, yale ambayo wajukuu wa waliosoma mwanzo wanayakalia leo na bado hayatikisiki. Na Mama Randa mwenyewe ndiye aliyetengeneza milango ya zahanati, vitanda walimozaliwa nusu ya watu wa mtaa ule, na jeneza la baba yake mzazi, ambalo alilipiga randa nje na ndani. Watu walipomuuliza ndani kwa nini, na nani atakayeona, alijibu kwamba marehemu naye ana mgongo kama watu wengine.

Basi mwanamke huyu alikuwa mfupi. Heri lisemwe mapema, maana ugomvi wote ulitoka hapo.

Baba yake hakuitwa Mrefu kwa mzaha. Meza ya kazi ya karakana aliitengeneza kwa kimo chake, na binti alipoanza kushika randa, meza ilimfika kifuani. Akaletewa kreti la soda, akaligeuza kifudifudi, akapanda juu. Akawa fundi akiwa juu ya kreti. Akaolewa, akafiwa, akalea, akazeeka, akiwa juu ya kreti. Akiranda ubao mrefu ilimbidi asimame, ashuke, alisukume kreti kwa mguu, apande tena, aendelee pale alipoachia. Kreti likichakaa huletwa jingine. Mgongo wake haukuwa na jingine.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya mwisho ya kazi katika mwaka, mteja hapokelewi. Sakafu inafagiwa, maranda yanajazwa magunia, patasi zinanolewa. Halafu kila fundi anachagua ubao wake, anapanda ngazi, anaulaza darini, na akiwa bado juu anatamka kwa sauti utakuwa kitu gani mwaka unaokuja. Huko ndiko kupandisha. Ubao uliopandishwa hushushwa na mkono ule ule uliouweka. Fundi Mrefu alikuwa akisema, "Ukishusha neno la mwenzako, umemkata ulimi." Hata alipokuwa na shida na mteja amemkalia kooni, hakugusa ubao wa binti yake.

Sasa, Mama Randa alikuwa amepandisha mbao mbili pana za mvule, nzito kama dhamana, na miguu minne. Akiwa juu ya ngazi alitamka, "Hii ni meza yangu ya kazi." Miguu alikuwa ameikata tayari. Alivua kandambili, akasimama chini pekupeku, akaacha mkono uning'inie, akaweka alama pale kifundo cha mkono kilipofika. Matundu ya kupachikia alikwisha kuyatoboa kwa patasi, pembe zake kali hata ungeweza kukatia uzi. Kilichobaki ni mvule kukauka, na nafasi.

Nafasi haikupatikana. Mwaka uliofuata lilikuja kabati la shule. Baada yake mdogo wake akaoa, ikawa kitanda, kabati la nguo na meza ya kioo, na bibi harusi hakupenda kioo, kazi ikaanza upya. Kisha kukaja viti vya ukumbi. Kila mara Mama Randa alisema, "Haya, wapite kwanza," na mbao zikaendelea kulala. Mganga hajigangi, na fundi husimama juu ya kreti.

Huyo mdogo wake ndiye wateja walimwita Bosi. Karakana baba aliwaachia wote wawili, lakini Bosi alikuwa na simu kubwa, shati la kunyoosha, na maneno. Kuranda alifundishwa na dada yake, akaiweka randa chini siku aliyogundua kwamba kuelekeza kunachosha kidogo kuliko kuranda. Wa tatu alikuwa Mzee Msasa, mpiga msasa na mpaka rangi, mtu wa mizaha, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata siku ya kupumzika.

Siku ya kupandisha ilipofika tena, sakafu ikiwa imefagiwa, Bosi alisimama mlangoni akatoa simu.

"Mwaka huu tuifanye kisasa," akasema. "Nimeandika malengo. Moja, mashine ya kukatia. Pili, makabati ya jikoni ya mbao za kiwandani, yanatoka upesi. Tatu, dada apumzike. Nitamwekea kiti kizuri pale mbele, apokee wateja."

"Kiti kirefu au kifupi?" Mzee Msasa akauliza.

"Mzee, mimi sitanii."

"Nami sitanii. Ukimweka kwenye kirefu, miguu itaning'inia, wateja watadhani ni mtoto wa fundi."

Mama Randa hakucheka. Alikuwa ananoa patasi, na aliendelea kunoa, ila sauti ya jiwe ilibadilika.

"Mdogo wangu," akasema, "malengo yako nimeyasikia. Langu halimo kwenye simu, liko darini. Mwaka ukifunguka, kabla hujapokea hata kigoda, natengeneza meza yangu. Nimesema nimemaliza."

Bosi akajikuna shingo. "Hilo tutaongea, dada."

"Tumeongea."

"Tutaongea vizuri."

Hapo ndipo aliingia mwenye duka la simu la ng'ambo ya barabara, kijana wa maneno ya haraka ambaye mtaa ulimwita Chaji. Alimwamkia mama kwa adabu, kisha akamgeukia Bosi kwa sura nyingine kabisa.

"Kaka, ile kaunta umenifanyia nini? Wateja wananiinamia kama wanaomba msamaha! Leo mtu mzima kaniuliza, hili duka la simu au chekechea?"

"Njoo tuongelee nje," Bosi akasema upesi.

"Niende nje nifanye nini, wewe uliyeitengeneza si uko humu ndani?"

Mama Randa aliacha kunoa. "Kaunta gani?"

"Si ile nyeupe, mama. Ya juzi, wewe ulikuwa safarini, umekwenda kwenye msiba."

"Ya mbao gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ni rangi, mwanangu. Nakuuliza mbao."

"Mama, mbao sizijui. Nachojua ni nzito. Tuliivusha barabara watu wanne, na mmoja mpaka leo analalamika kiuno."

"Inakufika wapi?"

Chaji akajipiga kidogo chini ya kiuno. "Hapa. Hata mkono wa kuandikia hauegemei."

Mama Randa alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anasoma simu iliyozimwa. Mzee Msasa alikuwa ameshika ufagio, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Akachukua ngazi, akaiegemeza, akapanda. Hakuna aliyethubutu kumshikia. Darini palikuwa na kipande cha mbao ya mkangazi cha Mzee Msasa, kisichotamkiwa neno bado, na vumbi. Katikati ya vumbi palikuwa na alama mbili ndefu safi, upana wa mvule, kama shuka iliyotandikwa juu ya kitanda na mlalaji ameondolewa.

Aliposhuka, hakupaza sauti, na waliomjua walitamani angepaza.

"Nani alipanda?"

"Dada, sikiliza. Zilikuwa zimekaa bure, zinashika vumbi. Mteja alikuwa na haraka."

"Nani alipanda, nimeuliza."

"Mimi."

"Na nani aliyepaka rangi?"

Mzee Msasa akaegemeza ufagio ukutani. "Mama Randa, mimi niliambiwa paka, nikapaka."

"Uliiona mbao?"

"Niliiona."

"Ukaitambua?"

Mzee akavuta pumzi. "Niliitambua hata kabla ya kuigusa."

"Ukanyamaza. Siku zote mdomo wako unazunguka kama feni, siku ya kusema neno moja la maana ukakatika umeme."

Mzee Msasa, ambaye jibu halikumpungukia hata msibani, akaurudia ufagio.

Mama Randa akavuka barabara. Wanaume watatu wakamfuata nyuma kama waliokamatwa. Dukani alimsogeza kando mteja aliyekuwa ameinama, akaitazama kaunta. Rangi nyeupe ya mafuta, inang'aa kama sahani. Vibandiko vya simu kila upande. Pale alipokuwa ametoboa matundu, mtu alikuwa ameshindwa kujua yanaingiliana vipi, akayaziba kwa rangi, kisha akapiga misumari kando yake. Misumari! Kwenye mvule! Vichwa vyake vilionekana chini ya rangi kama vipele.

Alivua kandambili. Akasimama pekupeku kwenye sakafu ya duka la watu, akaacha mkono uning'inie. Kifundo kikagusa juu ya kaunta sawasawa, bila kujinyoosha, bila kupinda, kama kikombe kikirudi juu ya kisahani chake. Maisha yake yote hakuwahi kusimama hivyo mbele ya meza. Mgongo ulitulia wenyewe, na ule utulivu ndio uliompandisha hasira mpaka masikio yakawaka, kwa sababu sasa alijua alichokuwa ameibiwa.

"Miguu hii uliipima?" akauliza bila kugeuka.

"Niliikuta imekatwa," Bosi akasema. "Nikadhani... ni ya kaunta."

"Kaunta ya nani? Umewahi kuona mtu wa kimo hiki?"

"Dada, sasa mimi ningejuaje kwamba ni..."

Akakwama. Alikuwa ameutazama mkono wa dada yake juu ya ile rangi, kisha miguu yake mitupu chini, na kwa mara ya kwanza ikamwingia kwamba dada yake anamfika kifuani tu.

"Maliza."

"Sikujua ni kimo chako."

"Hukujua!" Sasa sauti ilitoka, na wapita njia wakasimama. "Ungejuaje? Tangu unatambaa unaniona nimesimama juu ya kreti. Nimekulisha nikiwa juu ya kreti! Kitanda cha harusi yako nimekitengeneza juu ya kreti, na mkeo kakataa kioo, nikapanda tena! Chini hujawahi kuniona, wala hujawahi kujiuliza. Halafu unaniandikia nikapumzike! Nipumzike nini, nimewahi hata kusimama?"

"Dada, watu wanasikia."

"Wasikie! Baba mwenyewe ubao wangu hakuugusa, wewe umeushusha, ukaupigilia misumari, ukaupaka rangi usitambulike. Na kupima hukupima! Hata kuiba umeiba bila futi!"

Mtu mmoja nje akacheka. Mama Randa akamtazama, kicheko kikafa.

Chaji akainua kidole kama mwanafunzi. "Mama, samahani. Na mimi je?"

"Wewe huna kosa, ila la kununua kitu bila kuuliza ni mbao gani. Utapata kaunta ya kimo cha watu. Huyu ataitengeneza kwa mkono wake, juu ya meza ya baba. Ni ndefu, inamfaa. Sasa ondoa vibandiko vyako."

Kaunta ikavushwa barabara. Bosi alibeba mbele, Chaji na Mzee Msasa nyuma, na upande wa nne mteja aliyekuwa anainama, ambaye alisema hawezi kuondoka kabla hajaona mwisho. Mama Randa hakubeba. Alitembea kandokando na kandambili mkononi, akisema, "Polepole kwenye mlango. Umeshaijeruhi inatosha."

Wakaiweka katikati ya karakana. Chaji na yule mteja wakaondoka. Bosi akajifuta jasho, shati la kunyoosha likiwa na mistari ya rangi nyeupe.

"Basi, dada, imerudi. Nisamehe."

"Sijasema nimesamehe. Nikisamehe utasikia."

Mzee Msasa akapanda ngazi bila kuambiwa. Akiwa juu, akaweka mkono kwenye kipande chake cha mkangazi akatamka, "Hiki ni sanduku la patasi za Mama Randa, na sitalipaka rangi." Akashuka bila mzaha wowote. Mama Randa alimsogezea jiwe la kunolea, na kwa watu wale hilo lilikuwa neno.

Kisha akafungua kabati la zana. Akatoa randa ya baba yao, ile ya mti, iliyolika pale kidole gumba kinapokaa. Akatoa koleo la kung'olea misumari, patasi nyembamba, na kipande cha chuma cha kukwangulia. Akavipanga juu ya ile nyeupe, mbele ya mdogo wake.

"Hilo ndilo lengo la kwanza la mwaka. Mengine utayasoma kwenye simu ukimaliza. Misumari uing'oe mmoja mmoja, na ukiupasua mvule nitasikia nikiwa nyumbani. Rangi yote ikwanguliwe kwa mkono. Mashine usiazime. Yale matundu uliyoyaziba uyafungue kwa patasi mpaka nizione pembe zangu. Kisha upachike miguu kama nilivyoikata. Mwaka ukifunguka nakuja kusimama hapa pekupeku, na nikikuta doa jeupe tunaanza upya."

Bosi akashika kipande cha chuma, akainama kuijaribu rangi. Kwa urefu wake ilimbidi ajikunje kama kisu cha mfukoni. Akakwangua mara mbili, akanyooka, akashika kiuno.

"Dada, hii ni fupi mno. Mgongo wangu utavunjika."

Mama Randa alikwenda kwenye meza ya baba, akalitoa kreti la soda pale chini, akalisukuma kwa mguu kama alivyolisukuma miaka yote, mpaka likamgonga mdogo wake kwenye goti.

"Kalia hilo," akasema. "Anza."